Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata kazi! Mimi, mwalimu mstaafu, miaka thelathini na mmoja ubaoni, ambaye majirani walishaanza kunituma niwashikie ngazi kana kwamba sina shughuli nyingine duniani. Kuanzia leo ni Mshauri wa Lugha. Nina beji. Picha imenitoa jicho moja limefumba, lakini beji ni beji. Nimeivaa mpaka nyumbani.

Kazi yenyewe ni hii. Zahanati yetu imeletewa hojaji kutoka ng'ambo, maswali thelathini ya kupima wanawake wanajua nini kuhusu afya ya nyonga. Inatakiwa igeuzwe iwe Kiswahili, tena Kiswahili cha watu wa huku, na mifano ya huku. Mratibu wa shughuli hiyo ni binti mpole mwenye kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Akanikabidhi karatasi. Nikasoma la kwanza: mkojo. La pili: mkojo. La tatu: kizazi kushuka. Nikatafuta mlango kwa macho. Halafu nikakumbuka beji.

Kumbe si mimi peke yangu. Yupo pia Mkalimani wa Mahakama, suti nyeusi, viatu vya kujitazamia uso. Swali la kwanza alikuwa ameliandika hivi: "Mhusika, baada ya kujifungua, aweza kutokwa na mkojo kinyume cha ridhaa yake." Utadhani mkojo umefikishwa kizimbani. Nikasema hivyo kwa sauti. Mratibu akacheka. Mkalimani akanitazama kama mtu anayenukuu jina langu. Siku moja tu kazini na adui nimeshampata.

Mezani nikamsimulia mke wangu yote, ila swali lenyewe nililiruka. Nikamalizia na kile kisa changu cha mkaguzi wa elimu na kiti kibovu. Mkaguzi anaingia darasani, anakataa kiti kizuri, anavuta kile cha miguu mitatu... Hapo hapo mke wangu akabana midomo, akakunja mguu juu ya mguu, akainuka. Eti sufuria inaungua. Sufuria ilikuwa mezani mbele yetu.

Mwaka wa kumi na tisa huu! Zamani huyu mama alikuwa akicheka mpaka anajishika ukutani, na ndiyo sababu aliniambia amenikubali. Tangu kitinda mimba wetu azaliwe, kila nikikaribia mwisho wa kisa, anaondoka. Mtoto mwenyewe sasa yuko chuoni na mama yake bado anaondoka. Inaniuma, na nisipoyasema hapa nitayasema wapi. Nimeapa: kabla ya mwaka huu kwisha, mke wangu atacheka, tena mpaka mwisho.


Alhamisi, 6 Machi

Kazi imenoga. Hojaji ya ng'ambo imejaa vitu vya kwao. Swali la nne linasema mkojo unaweza kumtoka mwanamke anaporuka juu ya kitanda cha kurukia kilichoko bustanini. Nani ana kitanda bustanini? Mwenye kitanda anakilinda ndani. Mkalimani alitaka kiandikwe "samani ya michezo ya nje." Mimi nikasema: anaporuka dimbwi. Mratibu akapiga meza. La sita lilikuwa kuteremsha mizigo kutoka kwenye buti ya gari. Nikasema: kuinua ndoo ya maji. Akapiga meza tena! Mbili kwa bila. Mkalimani akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na doa.

Jambo moja tu tulishindana na Mratibu. Kila swali lina visanduku vitatu: Kweli, Si kweli, na Sijui. Nikamwambia, binti yangu, katika maisha yangu yote sijawahi kumpa mtu mtihani wenye Sijui. Ukimpa mwanafunzi kisanduku cha Sijui, ataweka alama zote humo na kwenda kucheza mpira. Akanieleza kwa upole kwamba huu si mtihani, ni kipimo. Wanawake arobaini wa mtaani watajibu, halafu baada ya wiki mbili watajibu tena yale yale, ili ionekane kama hojaji imetulia.

Nikaandika kwenye daftari: raundi ya kwanza, halafu marudio. Wasinichezee. Ninajua mtihani nikiuona.


Jumapili, 9 Machi

Kuna jasusi nyumbani. Hojaji niliificha kabatini chini ya mashati, kwa kuwa ni siri ya kazi, na pia kwa kuwa sikutaka mke wangu aone mumewe anasoma mambo gani uzeeni. Leo nimeikuta imegeuka kichwa chini. Ukurasa wa tatu, ule wa namba kumi na mbili mpaka kumi na nane, una alama ya kidole chenye unga.

Mkalimani! Lazima. Mkewe na mke wangu wanaimba kwaya moja. Au waliimba, kwa sababu mke wangu aliacha zamani, alisema zile noti za juu zinamchosha. Lakini salamu bado wanapeana. Nimefunga uzi mwekundu kuzunguka karatasi. Tutaonana.

Baadaye: uzi umekatika. Nikamuuliza mke wangu, kwa ujanja wa kupita mbali, kama ameona mtu yeyote karibu na kabati. Akapiga chafya, akatoka mbio. Mtu mwenye hatia hujulikana.


Jumatano, 12 Machi

Raundi ya kwanza. Ukumbi wa zahanati, viti arobaini, wanawake arobaini, kila mmoja na penseli. Wasiosoma walisomewa pembeni na muuguzi. Nilijikuta nikipita katikati ya safu, mikono nyuma, nikikohoa kwa waliokuwa wanatazama karatasi ya jirani. Mratibu akaniomba nikae.

Matokeo: wastani tisa kwa thelathini. Tisa! Sikuwahi kupata darasa la namna hiyo, hata mwaka ule wa mafuriko tuliofundishia stoo. Thelathini na sita kati ya arobaini wameandika kwamba kuvuja mkojo baada ya kuzaa ni hali ya kawaida tu, mama avumilie. Fundi Cherehani wa pale kona, mwanamke mwenye akili ya kukata gauni bila kupima, kapata nane. Alitoka nje kichwa chini. Aliniambia kwamba kumbe mtu anaweza kukaa na mwili wake miaka hamsini na wasijuane.

Na Mratibu? Anafurahi! Anasema matokeo ni mazuri sana, yanaonyesha pengo lilipo. Nikatoka nje nikameze hewa. Shule gani hii inashangilia watu kufeli?

Nimejaribu mwenyewe, kwa siri, kwenye karatasi iliyobaki. Nimepata saba. Mkalimani naye alijaribu, akapata kumi na moja, akahakikisha ukumbi mzima umejua.


Ijumaa, 14 Machi

Nina mpango! Safi, hauna tundu.

Marudio ni tarehe ishirini na sita. Zimebaki siku kumi na mbili. Nimewahi kuokoa darasa kwa siku tano. Masomo ya ziada! Sebuleni kwangu, saa kumi alasiri, Jumatatu na Alhamisi. Wanawake wote arobaini. Siku ya marudio watapata mia kwa mia, Mratibu atatokwa machozi ya furaha, na yule wa suti atajua mwalimu ni nani.

Nani wa kufundisha? Mimi nitamke maneno yale mbele ya wake za watu? Hapana. Nimekwenda kwa Mkunga Mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama wa miaka sabini na kitu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Amekubali papo hapo. Alisema amesubiri miaka arobaini mtu amwombe jambo hilo, na hakutegemea awe mimi. Sharti lake moja, lazima awahi kurudi kwa wajukuu. Kwa hiyo yeye atafundisha mazoezi na mwili, mimi nitabaki kufanya mapitio ya majibu. Kutoka nyuma ya pazia.

Majibu nimeyapata. Yako kwenye faili la bluu la Mratibu. Alipotoka kupokea simu nikayanakili yote, upesi upesi, kijasho kikinitoka. Miwani niliisahau nyumbani. Moja tu sikuiona vizuri, namba kumi na saba: "Tatizo hili likishadumu miaka mingi, haliwezi tena kutibika." Sikuona kama ni Kweli au Si kweli. Nimejaza kwa akili yangu: Kweli. Jambo la miaka mingi ni la miaka mingi, hilo halihitaji daktari.

Mke wangu nimemwambia ni kikundi cha kufuma. Akauliza nitafuma nini. Nikasema soksi.


Jumatatu, 17 Machi

Somo la kwanza. Wamekuja sita, wawili wakiwa na sindano za kufumia kwelikweli. Mkunga aliwaambia waziweke chini, leo wanafuma kitu kingine.

Nilikuwa korido, nyuma ya pazia, na kengele yangu ya shule. Kazi yangu kuhesabu. Mkunga akawaelekeza: kaza kule chini kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja mbele ya wakwe, shikilia, usibane pumzi, usikunje uso. Mimi nahesabu moja mpaka kumi, nagonga kengele, wanaachia. Nilipofika raundi ya nne nikagundua na mimi nimekaza. Mkunga akapaza sauti: wewe baba huko nyuma, unahesabu kama mtu aliyebeba gunia, pumua!

Sebule nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka. Nilipochungulia nikaona mke wangu kakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, eti anajaza nafasi. Hakucheka. Alikuwa amefumba macho, midomo inahesabu.


Alhamisi, 20 Machi

Ishirini na wanane! Wamekaa mpaka kwenye mkeka na kwenye ndoo zilizopinduliwa. Habari imesambaa mtaa mzima kwamba kwa Mwalimu soksi zinafumwa. Fundi Cherehani kaleta dada yake, na dada yake hata hayumo kwenye orodha. Nimefurahi sana leo. Wanawake wanaulizana maswali kwa sauti, wengine wanasema hata majirani zao hawakuwahi kujua. Mmoja kalia, watatu wamemshika bega, akaishia kucheka. Hili darasa litatia fora.

Mke wangu asubuhi alikuwa na uchangamfu wa ajabu. Kapiga pasi gauni lake zuri la kijani, akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, yule mama wa mazoezi ya viungo pale zahanati huona watu saa ngapi. Nikasema Jumatatu saa tatu. Mgongo, nadhani.

Jioni Mkunga akawahi kwa wajukuu. Mimi nikafanya mapitio kutoka nyuma ya pazia. Nasoma swali, wanajibu wote, wasipopatia nagonga kengele. Namba kumi na saba walijibu kwa pamoja, "Si kweli!" Nikagonga. Kweli, nikawaambia. Likishadumu miaka mingi, halitibiki tena. Nikawaambia warudie mara tatu liwakae. Walirudia, lakini kwa sauti ndogo.

Walipoondoka mke wangu akabaki kukunja mkeka. Akaniuliza kama nina hakika na kumi na saba. Nikamwambia majibu yametoka kwenye faili la bluu, na jibu likishatoka halina rufaa. Akauliza miaka mingi ni mingapi. Nikasema, mathalani, zaidi ya kumi. Akasema basi. Hivyo tu, "basi." Akaenda jikoni.

Huyu mama anapenda kuhoji usahihishaji. Angekuwa mwanafunzi wangu tungegombana.


Jumatatu, 24 Machi

Somo la mwisho. Wamefika wote arobaini, nimewapanga mpaka barazani. Mazoezi safi, kengele imelia mpaka imepata ufa. Kwenye mapitio wamejibu kama jeshi.

Mke wangu hakukaa. Alisema kichwa kinamuuma. Gauni la kijani limerudi kabatini, nililiona nikitafuta beji. Kumbe hakwenda zahanati asubuhi. Nikamuuliza mgongo umeponaje, akasema hakuna haja. Vizuri, nimeokoka na safari ya kumsindikiza.

Mezani nikajaribu tena mkaguzi na kiti. Safari hii hata hakungoja mkaguzi aingie darasani.


Jumatano, 26 Machi

Nitaandika yote, hata yanayonichoma.

Marudio yalikwenda kama maji. Dakika kumi na tano, arobaini wamemaliza. Hakuna aliyekuna kichwa. Nimesimama pembeni na tai yangu ya siku ya kustaafu, nasubiri kupongezwa. Muuguzi akaanza kusahihisha. Ishirini na tisa. Ishirini na tisa. Ishirini na tisa. Mratibu akaja kuangalia. Ishirini na tisa. Akachomoa kalamu moja kichwani, akairudisha, akachomoa ya pili. Karatasi zote arobaini: ishirini na tisa kwa thelathini. Na wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, wamekosa namba moja tu. Kumi na saba.

Mkalimani ndiye aliyeanza kucheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Ni kama mlango wenye kutu.

Mratibu akakaa chini. Akawauliza akina mama, kwa upole ule ule, nani amewafundisha kumi na saba. Kila mtu anatazama dari. Mwisho Fundi Cherehani akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili, akasema si vizuri kumtaja mtu, lakini ni Mwalimu.

Nilijitetea! Nikasema wastani umepanda kutoka tisa hadi ishirini na tisa, nionyesheni mwalimu mwingine wa namna hiyo. Mratibu akaniambia kwamba kipimo chote kimekufa, kwamba ilitakiwa ionekane kama mtu anajibu vile vile akiachwa alivyo, na sasa inabidi atafute wanawake arobaini wapya mtaa mwingine, aanze moja. Hilo nililisikia, nikainama. Lakini akasema halikumuuma kama lile la pili. Kumi na saba ni Si kweli. Hata ikipita miaka ishirini, hata thelathini, mazoezi husaidia, na wengi hupona kabisa. Ndilo swali ambalo waandishi wa hojaji walilihangaikia kuliko yote. Wanawake hawa wengi wao wanaishi na tatizo hilo, walifika sebuleni kwangu na matumaini, na mimi nimewarudisha makwao nikiwa nimewaambia kwamba wamechelewa.

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nikasikia lile neno la jikoni. "Basi." Na miaka mingi ni mingapi. Na gauni la kijani. Na chafya, na sufuria ambayo haikuwa inaungua, na kwaya. Jamani! Ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejipigia kengele mpaka ivunjike.

Nikatoka bila kuaga. Nina goti bovu, lakini leo nimekimbia, tai imenirukia begani, watu wananiamkia shikamoo Mwalimu na sijawaitikia. Nikamkuta jikoni anakata vitunguu. Nikasema kumi na saba ni Si kweli. Nikasema nililijaza mwenyewe, sikuwa na miwani, sijui chochote, nimepata saba kwa thelathini. Akaweka kisu chini.

Akaniambia yote, polepole, ananitazama. Kwamba tangu kitinda mimba, akicheka, akikohoa, akiimba noti ya juu, mkojo unatoka. Kwamba mwanzoni alidhani utaisha, halafu akaona aibu, halafu akazoea kukaa karibu na mlango. Kwamba visa vyangu anavijua vyote na anajua mwisho unapokaribia, ndiyo maana anaondoka. Si kwamba havichekeshi. Akasema huyo mkaguzi na kiti chake ndiye mbaya kuliko wote, akimkumbuka tu barabarani inabidi asimame.

Miaka kumi na tisa nimemnunia mwanamke aliyekuwa ananikimbia asicheke. Nililia. Nikasingizia vitunguu, akasema vitunguu viko upande wake.


Ijumaa, 28 Machi

Hukumu yangu: kuzunguka nyumba zote arobaini kusahihisha kumi na saba, kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango. Mratibu kanipa shahidi wa kuhakikisha nasema sawasawa. Mkalimani! Nani mwingine.

Jana na leo tumetembea naye. Mimi nagonga kengele yenye ufa, naomba radhi, nasema Si kweli. Yeye anasimama nyuma na suti yake, anaongeza: "Imethibitishwa." Nyumba ya kwanza nilitaka kumsukuma mferejini. Nyumba ya kumi nikaona akina mama wanampenda, wanasema akishathibitisha yeye, wanaamini. Nyumba ya ishirini na tano alikaa ukutani kupumzisha miguu, akaniambia ghafla kwamba mkewe pia alitaka kuacha kwaya, na hakuwahi kumuuliza kwa nini. Nikamwambia amuulize leo.

Fundi Cherehani alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho. Halafu akanizaba kofi dogo la begani, akarudi ndani kuvaa viatu. Tulimwona anaelekea zahanati hata hatujafika nyumba inayofuata.

Mpaka jioni wanawake kumi na wanne wameandikishwa kwa mama wa mazoezi. Muuguzi anasema hapo awali alikuwa akipata wawili kwa mwezi. Mratibu hajanisamehe, lakini anataka Mkunga awe anafundisha pale ukumbini kila Alhamisi, wazi, bila soksi. Mimi nimepigwa marufuku kukaribia hojaji hiyo, faili la bluu, na mwanamke yeyote mwenye penseli. Beji wamechukua.

Wa kumi na tano kuandikishwa alivaa gauni la kijani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamsubiri kwenye benchi, na nilipomwona anatoka anatabasamu nikajifanya nasoma tangazo la chanjo.


Jumatatu, 19 Mei

Siku ya furaha. Niieleze kwa utaratibu.

Wiki ya nane ya mazoezi. Asubuhi, mchana na jioni mke wangu anakaza na kuachia, na mimi nahesabu. Napumua. Jumapili ya wiki iliyotangulia alisimama tena na kwaya, safu ya nyuma, karibu na mlango. Jana alihamia safu ya pili. Mke wa Mkalimani alikuwa pembeni yake.

Leo mezani nikaanza mkaguzi na kiti. Mkaguzi anaingia darasani, anakataa kiti kizuri, anavuta kile cha miguu mitatu. Nikatazama. Yuko palepale! Kabana midomo, lakini kakaa. Nikaendelea kwa woga. Mkaguzi anaketi, anataka kuonyesha hana wasiwasi, anawaambia watoto: hivi ndivyo mtu mwenye elimu anavyokaa. Anaanguka. Kimya darasani. Halafu darasa zima, kwa utii, watoto hamsini, wanajiangusha chini.

Akacheka! Mpaka mwisho! Kajishika ukutani kama zamani, machozi yanamtoka, anapiga ukuta kwa kiganja. Nikaogopa, nikasimama, sikujua nishike nini. Akanyoosha kidole nisubiri. Akatulia, akajisikiliza, akaniambia kwa sauti ndogo: hata tone. Halafu akacheka tena, bila sababu, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka jirani akauliza kuna nini.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Sababu ni mbili. Kwanza, vichekesho vyangu ni vikali kiasi cha kuathiri afya, na nilipaswa kuvitoa kidogo kidogo. Pili, leo nilibadilisha: zamani nilikuwa nasema watoto arobaini, leo nimesema hamsini. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro miaka yote hiyo. Nimemweleza mke wangu. Amecheka tena, sijui kwa nini, maana hapo nilikuwa sitanii.

Na kuna habari nyingine. Mkalimani, rafiki yangu, kapewa hojaji mpya: wanaume na tezi dume, maswali ishirini na matano, wazee thelathini, watajibu mara mbili. Mchana alinitembelea, kaacha begi lake kitini akaenda kunawa mikono. Faili la kijani safari hii. Nimefikiria wazee wa watu watakavyoaibika na tisa zao, roho imeniuma. Alhamisi saa kumi, sebuleni, kikundi cha bao. Majibu nimeyanakili yote. Miwani ilikuwa chumbani na maji ya bomba yalishanyamaza, kwa hiyo namba tisa sikuiona vizuri. Nimeijaza kwa akili yangu.